Msikiti wa Mikeka ya Mshazari

Katika yale tuliyoyapokea kwa wazee wetu, nao wakiyapokea kwa waliowatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kimo kisa cha marafiki wawili wa Basra waliokwama katika nchi ya watu kwa msimu mmoja wa baridi. Nimekisimulia darasani mara nyingi, na kila nikifika katikati naona haya. Mimi pia ni mtu ninayeulizwa maswali na watu, na ninajua jinsi ulimi unavyokuwa mzito kutamka neno moja dogo. Neno lenyewe mtalisikia.

Wa kwanza aliitwa Asbagh bin Nuaim. Alihifadhi Kitabu cha Mola wake kabla hajaota ndevu, naye alikuwa na sauti ambayo watu wakiisikia huacha mazungumzo yao. Wa pili aliitwa Shadadi, mfumaji wa mikeka, mtu wa maneno machache, vidole vyake vimechanjwachanjwa na matete. Hakuwa mwanachuoni, ila kile kidogo alichokijua alikuwa akikitenda. Walikulia mtaa mmoja, na katika ujana wao waliahidiana kwamba kila mmoja atakuwa kioo cha mwenzake: akimwona na doa usoni atamwonyesha yeye, wala hatamwonyesha mtu mwingine. Wengi wetu tumewekeana ahadi kama hiyo na marafiki zetu, kisha tukaisahau siku doa lilipoonekana.

Walitoka Basra kwa nia ya kumfuata mwanachuoni aliyekuwa akisomesha nyuma ya milima ya mashariki. Asbagh alivibeba vitabu vyake mwenyewe siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo alivibeba Shadadi, juu ya mzigo wake wa kamba na visu vya kufumia, wala halikusemwa neno juu ya jambo hilo. Mwendo ulikuwa wa miezi. Walipofika bonde moja la juu kabisa, karibu na kilele, wenyeji waliwaambia kwamba theluji imekwisha kuziba njia, na haitafunguka mpaka jua la mwaka mpya liiyeyushe.

"Kaeni kwetu," wakaambiwa. "Mgeni hasukumwi kwenye theluji."

Wakakaa. Watu wa bonde lile walikuwa wafugaji wa kondoo, Waislamu wa kizazi cha pili tu. Baba zao walisilimu kwa mkono wa mpita njia mmoja mwema, akawafundisha sala na kufunga, akaenda zake. Walikuwa wakisali katika uwanja ulio wazi kando ya mto, wakielekea pengo lililokuwa baina ya vilele viwili, kwa kuwa ndiko mtu yule alikowaelekeza baba zao. Nao walikuwa na desturi nzuri juu ya wageni. Kila siku baada ya alasiri nyumba moja ilikuwa na zamu ya kuwapelekea mkate: mkate mmoja kwa kila mgeni, umefungwa katika kitambaa. Wageni wakiwa wawili, mikate miwili. Hakuna aliyekumbushwa zamu yake, na hakuna aliyeisahau.

Mwaka ule walikuwa wamekusudia kujenga msikiti wao wa kwanza, na walikubaliana kwamba kila nyumba itoe jiwe moja lililokuwa likitumika nyumbani, si jiwe la kuokota tu mtoni. Wengine walitoa jiwe la kizingiti, wengine jiwe la kusagia. Alikuwepo mjane aliyeitwa Bibi Mahbanu, akiishi na kaka yake mzee, Mihrani, aliyekuwa mchungaji. Hao hawakuwa na kizingiti cha jiwe wala jiwe la kusagia la ziada. Bibi Mahbanu akatoa figa moja katika mafiga yake matatu, na tangu siku hiyo akawa akiinjika chungu juu ya mafiga mawili na bonge la udongo.

Mawe yalipokusanyika, fundi wao, Mzee Bahramu, alimwendea Asbagh mbele ya watu wote.

"Shekhe," alisema, "sisi tumesali miaka yote kuelekea pengo lile, kwa sababu baba zetu walionyeshwa hivyo. Lakini sisi ni watu wa kondoo. Mungu ametuletea msomi. Tupimie kibla, tupate kupiga msingi."

Sikilizeni vizuri, maana mlango wa msiba ulikuwa hapa. Asbagh hakuwahi kupima kibla maishani mwake. Mihirabu zote za Basra alizikuta zimejengwa. Alikuwa amesoma kurasa mbili tatu juu ya nyota, akazipenda, akazihifadhi, kama mtu anavyohifadhi majina ya miji asiyoifika. Angesema "sijui," mambo yangekwisha pale pale, na pengine wangelishauriana wakarudi kwenye pengo lao. Lakini walikuwa wamemwita msomi, na watu walikuwa wakimtazama.

"Nitaangalia nyota," alisema.

Ukungu ulikuwa umelifunika bonde tangu walipofika. Asubuhi ya pili Mzee Bahramu aliuliza kwa adabu, "Umeiona nyota, Shekhe?" Akajibiwa, "Bado." Asubuhi ya tatu hivyo hivyo, na ya nne. Siku ya tano Asbagh alisikia, au alidhani amesikia, mmoja wa wakanda udongo akicheka. Siku ya saba fundi alikuja na uso wa wasiwasi. Baridi ya kugandisha ilikuwa inakaribia, na udongo ukiganda kabla ya kukauka, ukuta hausimami. Ilikuwa lazima msingi upigwe siku ile au waache hadi mwaka wa pili.

"Umeiona nyota, Shekhe?"

"Nimeiona," alisema Asbagh.

Basi akasimama uwanjani na kuelekea pale mwili wake ulipozoea kuelekea. Mtu wa Basra akisimama kusali huliacha machweo ya jua kwenye bega lake la kulia, na Asbagh alifanya hivyo tangu utotoni, hata mabega yake yalikijua kibla kuliko akili yake. Hakufikiri kwamba miezi yote ile ya safari ilikuwa imembeba mbali upande wa mashariki, na kwamba mtu aliyehama nyumba hawezi kuendelea kuingilia kwa mlango wa zamani. Akaagiza kamba ivutwe. Ncha moja aliishika yeye, ya pili aliishika Shadadi.

Mzee Bahramu aliitazama kamba, kisha akalitazama pengo la mlima. "Shekhe," alisema taratibu, "hapa tumekwenda kushoto ya pengo, tena sana."

"Baba zenu, Mungu awarehemu, hawakuwa na elimu ya nyota," alisema Asbagh.

Mzee akainamisha kichwa. "Kweli, hawakuwa nayo," alisema, akachukua jembe.

Shadadi hakusema kitu pale uwanjani. Walipobaki peke yao chumbani alimwambia mwenzake, "Ndugu yangu, tumelala chumba kimoja. Hukutoka nje, na hata ungetoka hakukuwa na nyota."

"Wenye elimu wana njia zao."

"Basi rudi uwaambie ni njia gani."

Asbagh alikasirika, na hasira ya mtu aliyeshikwa ni mbaya kuliko ya mtu aliyeonewa. "Wewe fuma mikeka," alimwambia.

Shadadi akainama, akaendelea kufuma. Kioo kilikuwa kimeonyesha doa, na mwenye uso alikuwa amekigeuza ukutani. Tena Shadadi hakuwa na hakika kwamba uelekeo wenyewe ulikuwa na kosa. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba rafiki yake amesema uongo.

Msikiti ulisimama kwa siku kumi na moja. Ulikuwa mdogo, paa lake la miti na nyasi, lakini watu waliupenda kama mtoto aliyezaliwa uzeeni. Figa la Bibi Mahbanu liliwekwa chini ya mihirabu, masizi yake yakionekana, kwa kuwa fundi alikataa kuyasugua. Kaka yake, Mihrani, alibeba mawe kuliko vijana, na ulipokwisha hakukosa sala hata moja ndani yake. Baada ya wiki tatu aliugua kifua. Siku yake ya mwisho aliomba abebwe hadi msikitini, akasali adhuhuri kwa kukaa, na kabla ya alasiri akarejea kwa Mola wake. Asbagh ndiye aliyemsalia jeneza.

Kisha baridi kali ikaja, na pamoja nayo mbingu ikafunguka. Siku hizo hizo ulipanda msafara wa mwisho wa chumvi kutoka miji ya chini, na ndani yake mlikuwa na mzee mmoja, mtunza nyakati za sala katika msikiti mkubwa wa huko. Alikuwa na chombo cha shaba cha kupimia jua na nyota, na kwa mazoea ya kazi yake hakuweza kuingia msikiti asiupime. Alitoka nje, akalipima jua, akarudi ndani, akatoka tena. Watu walimzunguka.

"Ndugu zangu," alisema, "mlisali kwa nia njema, na Mungu ni Mpole kwa waja Wake. Lakini ukuta huu umepotoka. Kibla chenu kiko pale kwenye pengo la mlima, pungufu kidogo tu ya hapo."

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa kule hawakuwa na desturi hiyo. Mzee Bahramu aliliangalia pengo muda mrefu, pengo la baba zake, kisha akageuka.

"Shekhe, ulituambia uliiona nyota."

Asbagh alifungua mdomo. Anasema mwenyewe, katika yale aliyoyasimulia uzeeni, kwamba neno lilifika hadi kwenye meno likarudi. Katika kimya kile Shadadi alipiga hatua mbele.

"Kamba niliishika mimi," alisema. "Nilikuwa na la kusema siku ile nikanyamaza. Kama mnatafuta mkono wa kulaumu, huu hapa."

Kila neno lilikuwa kweli, na watu walielewa walivyoelewa: kwamba mfumaji alilegeza kamba, msingi ukaenda upande, naye akaogopa kusema. Nyuso zikamgeukia yeye. Asbagh aliona nyuso zikimwondoka, akahisi mwili mzima umepumua, na kwa pumzi ile alijidharau maisha yake yote. Lakini siku ile alinyamaza.

Kesho yake baada ya alasiri kitambaa kilikuja. Ndani mlikuwa na mkate mmoja.

Mleta mkate hakusema ni wa nani, na hakukuwa na haja. Asbagh akaumega, akamsogezea mwenzake nusu. Shadadi akaurudisha kwa upole. "Umeletewa wewe," alisema, kisha akachemsha shayiri kidogo aliyopewa na wenye msafara kwa mkeka mmoja, akaila bila chumvi. Na mimi ninayesimulia naona haya kusema kwamba Asbagh aliula ule mkate wote.

Ikawa hivyo siku ya pili na ya kumi. Wenyeji hawakumtukana Shadadi wala hawakumfukuza. Walimwitikia salamu, wakapita. Naye aliendelea na kazi zake kama kwamba hakuna lililotokea. Kila asubuhi alimchotea maji Bibi Mahbanu, ambaye kaka yake hakuwepo tena wa kumchotea, na saa zote nyingine alifuma mikeka ya ule msikiti, kwa kuwa sakafu yake ilikuwa bado ya majani makavu.

Asbagh aliendelea kusalisha. Kwa vile ukuta ulikuwa umepotoka, ilimbidi kila sala aingie mbele, aipe mihirabu bega, ageuke kulia kuelekea upande wa pengo, na safu nzima nyuma yake igeuke vivyo hivyo. Mara tano kwa siku mwili wake ulikiri kile ambacho ulimi wake ulikikataa. Alijipa udhuru mwingi. Alijiambia kwamba Shadadi ni mfumaji, jina lake likichafuka halimdhuru kitu, ilhali akianguka msomi huanguka elimu yenyewe na watu hukosa imani. Ewe ndugu yangu, ukisikia mtu anailinda dini kwa kulinda jina lake mwenyewe, mwogope, hasa mtu huyo akiwa ni wewe.

Alhamisi ya wiki ya tatu ilikuwa zamu ya Bibi Mahbanu. Alikuja mwenyewe, akakaa nje ya mlango, kitambaa mapajani.

"Shekhe, nina swali," alisema. "Kaka yangu Mihrani sala zake za mwisho wa uhai alizisali akielekea kusiko. Je, zimepokewa?"

"Zimepokewa, Mungu akipenda," alisema Asbagh. "Alisali kwa neno la mtu aliyemwamini. Hana dhambi."

"Na aliyetoa neno?"

"Kama alijitahidi kupima akakosea, hana dhambi naye."

"Na kama hakujitahidi?"

Asbagh hakujibu. Bibi Mahbanu alidhani anapima maneno kwa ajili ya kumsitiri rafiki yake, akamwonea huruma.

"Simchukii Shadadi," alisema. "Ananichotea maji, nami namletea mwenzake mkate peke yake, kwa kuwa majirani wamekubaliana. Uso wangu umechoka kuinama nikimwona na mtungi. Ila nataka siku moja nimuulize alikuwa akiwaza nini kamba ilipomlegea mkononi. Mtu amemgeuza kaka yangu asielekee Nyumba ya Mungu siku zake za mwisho. Nataka kujua alikuwa akiwaza nini, basi."

Aliuacha mkate, akaenda. Asbagh aliutazama mpaka ukapoa. Alijua jibu la swali lile, na alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyelijua: alikuwa akiwaza kwamba kuna mtu amemcheka.

Usiku ule hatuelezwi alivyoupitisha. Tunaelezwa kwamba asubuhi ya Ijumaa alimkuta Shadadi akipinda ukingo wa mkeka wa mwisho, akamwambia, "Leo nitasema."

Shadadi hakuinua kichwa. "Umeandaa?"

"Nimeandaa hotuba. Inaanza na kumshukuru Mungu, kisha kuna kituo juu ya kiburi, kisha..."

"Ina vina?"

Ilikuwa na vina. Watu wa elimu hata toba yao huipenda ipendeze.

"Iache," alisema Shadadi. "Sema kama mtu anayerudisha shoka la jirani."

Watu walipokusanyika, Asbagh hakwenda mbele. Alisimama mlangoni, mahali pa viatu, na alipoona wanamngoja alisema akiwa pale pale:

"Sikuiona nyota. Mliponiuliza siku ya saba nilisema nimeiona, na nilikuwa mwongo. Sikujua kibla kilipo, na niliona haya kusema sijui, nikawaelekeza kwa mazoea ya Basra. Mzee Bahramu aliniambia pengo liko kulia, nikawadharau baba zenu mbele yenu, na baba zenu ndio waliokuwa sawa. Shadadi hakulegeza kamba. Aliivuta nilipomwambia aivute. Alinionya siku ile ile nikamtukana. Kisha akajitwisha lawama yangu mbele yenu, nami nikanyamaza, nikala mkate wenu siku ishirini na moja naye yuko kando yangu akila shayiri." Akamtafuta Bibi Mahbanu upande wa wanawake, lakini hakuweza kumtazama. "Uliniuliza alikuwa akiwaza nini. Nilikuwa nikiwaza nafsi yangu, bibi. Sikumwaza kaka yako wala Nyumba ya Mungu."

Asbagh anasema alitamani watukane, kwa kuwa tusi humpa mtu mahali pa kushika. Hawakutukana. Hatimaye Mzee Bahramu alisema, kama mtu anayeuliza juu ya kazi iliyobaki, "Sasa nani atatusalisha?"

"Wewe, mzee wangu."

"Mimi sijui kusoma kama wewe."

"Umeweza kusema hujui," alisema Asbagh. "Hilo ndilo lililonishinda mimi."

Mzee Bahramu akaenda mbele, akahutubu maneno matatu manne ya hofu, akasalisha kwa sura mbili fupi alizofundishwa na baba yake. Asbagh alisimama safu ya mwisho, bega lake likigusana na la Shadadi, na wote wakageuka kuelekea pengo.

Kesho yake kitambaa kilikuja tena na mkate mmoja. Safari hii Asbagh alijua ni wa nani, akasogea kando, akatafuta chungu cha shayiri. Shadadi aliuvunja mkate katikati, akaweka nusu mbele yake.

"Umeletewa wewe," alisema Asbagh.

"Ndiyo, ni wangu. Ndiyo maana ninaweza kuugawa."

Asbagh akalia, akala huku analia. Kisha akauliza lile lililokuwa likimla siku zote. "Kwa nini hukusema? Neno moja tu lingekutoa kwenye lawama, na lilikuwa neno la kweli."

"Ningesema mimi, ungekuwa mtu aliyefichuliwa," alisema Shadadi. "Nilitaka uwe mtu aliyetubu. Na usidhani nilibeba ya kwako peke yako. Niliishika ile kamba nikijua hukuona nyota. Mungu hataniuliza juu ya ulimi wako, ila ataniuliza juu ya mkono wangu." Akafikiri kidogo. "Lakini ungekawia hadi theluji iyeyuke, ningekuwa nimekonda sana." Wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu uongo uingie baina yao.

Mkate mmoja uliendelea kuja siku saba. Siku ya nane Bibi Mahbanu alikuja mwenyewe, ingawa haikuwa zamu yake, na kitambaa kilikuwa na mikate miwili. Alikiweka katikati yao. "Figa moja haliinjiki chungu," alisema. "Kuleni pamoja." Hakusema kama amesamehe, na Asbagh hakuthubutu kumuuliza.

Likabaki shauri la ule ukuta. Wengine walitaka ubomolewe siku za joto. Bibi Mahbanu alikataa, akasema kaka yake aliyabeba mawe yale mgongoni na hakuna atakayeyaondoa maadamu yeye mwenyewe yu hai. Ndipo Shadadi aliposema kwamba kama mawe hayageuki, mikeka inageuka. Akaleta mikeka yake, akaitandika kwa mshazari, pembe yake ikiielekea pembe ya ukuta, mistari yake yote ikiangalia pengo la mlima. Kando kando palibaki vipande vitupu vya pembe tatu, akavipima kwa shubiri na kuvifumia vipande vyake. Mtu aliyeingia mle aliona kwanza mikeka imekwenda upande. Akikaa kidogo ndipo alipotambua kwamba ni ukuta.

Theluji ilipoyeyuka marafiki waliaga wakavuka mlima, Asbagh akiwa amebeba vitabu vyake mwenyewe. Akasoma kwa mwanachuoni yule miaka mingi, akarejea Basra, akawa mtu wa kuulizwa. Wanafunzi wake wanasema hawajapata kumwona mwalimu aliyesema "sijui" mara nyingi kama yeye, na kila alipolisema alikuwa akiinamisha macho kwenye mkeka. Shadadi alitangulia kufa. Asbagh akamwosha kwa mikono yake.

Akiwa mzee sana alijiwa na msafiri aliyetoka upande wa milima, akamsikia akiwahadithia watu maajabu ya njiani. Msafiri alisema kuna bonde la juu lenye msikiti mdogo ambao ukuta wake umepotoka na mikeka yake imetandikwa kwa mshazari.

"Ukawauliza sababu?" aliuliza Asbagh.

"Niliwauliza. Waliniambia kwamba zamani, kabla ya wao kuzaliwa, walipita wageni wawili kutoka nchi ya mbali. Mafundi wa bonde walikuwa wamekosea msingi, na wageni wale, Mungu awalipe kheri, wakawasahihishia kibla."

Asbagh aliomba arudiwe yale maneno, akarudiwa. Mafundi wa bonde walikuwa wamekosea msingi. Akajifunika uso kwa kilemba chake mbele ya wanafunzi wake.

"Nilimtukania Bahramu baba yake," alisema hatimaye, "naye amewafundisha wajukuu zake wanisitiri."

Nami nimekuwa nikijiuliza, ndugu zangu, kwa nini wazee hawakukiacha kisa hiki kiishe pale kwenye mkate, penye utamu. Nadhani walitaka tujue kwamba toba huondoa dhambi, lakini haya njema hubaki, na kubaki kwake ni rehema. Basi ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, ungali mahali pa viatu, kabla hujapelekwa mbele. Na ukiwa na rafiki anayekushikia ncha ya pili ya kamba, mtazame usoni kabla hujaivuta. Mola atusitiri kama watu wa bonde walivyomsitiri mgeni wao, na atugeuze tunapokuwa tumepotoka, hata kama ni ukuta mzima.